Daftari la Kumi na Saba

Mwandiko ulio kwenye ile orodha ya mzigo ni wangu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, watu wanamlaumu Mzee Khatib peke yake, na yeye amekaa kimya anazipokea lawama kama anavyopokea maboksi, moja baada ya jingine. Aliyeshika kalamu ni mimi, Elinami, mwanafunzi wa udaktari wa historia, mtu niliyesomeshwa kwa kodi za watu ili nijue thamani ya karatasi. Niliandika maneno mawili tu. Yakatosha kummaliza Bibi Rimma mara ya pili.

Kama umewahi kupita Xiaobei miaka hii ya karibuni, huenda ulimwona. Bibi wa Kirusi, mfupi, koti la kijivu hata joto la Julai likiwa limetukaba wote koo, mkoba wa kitambaa begani. Kiti chake kilikuwa kigoda cha plastiki ndani ya ofisi ya kargo ya Mzee Khatib, katikati ya maboksi ya viatu, na wapagazi walishazoea kumzunguka bila kumgusa. Augustin, mnunuzi wa vitenge kutoka Bukavu, siku ya kwanza alidhani ni mkwe wa mwenye ofisi.

"Patron, huyu maman ni wa kwako?" akauliza.

"Wa kwetu sote," Mzee Khatib akamjibu bila kuinua macho kwenye futi yake ya kupimia. Kabla Augustin hajamaliza soda, Bibi Rimma alikuwa ameshamfungulia daftari.

Maswali yake yalikuwa matatu, hayaongezeki wala hayapungui. Ulifika lini? Ulibeba nini? Ulimwacha nani nyumbani? Aliuliza kwa Kiswahili cha kunyooka kama rula, kile cha vitabuni, hata Wakenya wakawa wanamtania kwamba anaongea kama taarifa ya habari. Hakukasirika. Alisubiri wamalize kucheka, kisha akarudia swali.

Na alikuwa na desturi moja iliyonichosha sana mwanzoni. Mtu akikaa kimya kwenye swali, hakumsaidia. Hakumwambia "labda", hakumwambia "yaani". Alichora mstari pembeni ya ukurasa na kuacha nafasi tupu, ndefu kadiri ya kimya chenyewe. Kuna kurasa nilizoziona zina maneno sita tu. Nilipomuuliza kwa nini asijaze anachokijua, maana mengine yalikuwa wazi, alinitazama kama nimemtemea mate.

"Usimtilie mtu maneno kinywani, Elinami. Aliye hai atakusuta. Aliyekufa hawezi, na hiyo ndiyo dhuluma."

Jina lake kamili lilikuwa Rimma Osipovna Belchikova. Alizaliwa mwaka 1943, katikati ya vita, na baba yake aliuawa huko vitani bila kumwona. Nyumbani kwao hakukuwa na barua hata moja ya baba, hata karatasi ya kufungia sabuni yenye mwandiko wake. Alinieleza hilo siku moja tunamenya viazi, kwa sauti ile ile ya kuuliza chumvi iko wapi. Alisomea historia Leningrad, akajifunza Kiswahili huko huko kwa sababu darasa la Kifaransa lilikuwa limejaa, kisha akapelekwa mji mmoja wa kusini kuwa mkalimani wa vijana wa Kiafrika waliokuja kusomea matrekta, meli na udaktari.

Hapo ndipo maswali matatu yalipoanza. Kwa miaka kumi na minane aliwauliza vijana wale, mabwenini, hospitalini, kwenye foleni ya mkate. Aliandika Kiswahili chao neno kwa neno, ila kwa herufi za Kirusi, kwa kuwa mkono wake ulikimbia zaidi kwa herufi hizo, na pia ili mkuu wa bweni akichungulia asiambulie kitu. Alikuwa ameshatoa vitabu viwili vyembamba, kimoja cha hadithi na kimoja cha historia ya wachuuzi wa mtoni. Cha tatu kilikuwa hiki cha wanafunzi. Wakubwa wa uchapishaji walikirudisha kikiwa na alama nyekundu: toa njaa, toa baridi, toa matusi ya barabarani, toa waliokataa kurudi makwao na sababu zao. Akauliza kitabaki nini. Wakamwambia zitabaki picha. Akachukua mswada wake akaenda nao nyumbani, na tangu siku ile kazi yake ikawa kutunza funguo za stoo ya maktaba.

Serikali yenyewe ya Kisovieti ilipoanguka na mishahara ikakatika, mwanahistoria huyu akawa mchuuzi wa majaketi. Alikuja China na begi tupu akarudi na begi lililomzidi kimo, mara mbili kwa mwaka, mpaka alipofika Guangzhou mwaka 1994 na kukutana na Mzee Liang, fundi mstaafu aliyejua Kirusi tangu ujana wake. Wakaoana uzeeni. Wakaishi Xiaobei, ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti. Alihamia na nguo chache na maboksi mengi.

Miaka ikapita hajaandika kitu. Halafu Waafrika wakaanza kujaa mtaani, na siku moja akipandisha mboga zake alisikia watu wawili wanagombana kwa Kiswahili juu ya bei ya suruali za jinzi. Aliniambia alikaa kwenye ngazi akalia mpaka wale wawili wakaacha ugomvi wakamwinua. Kesho yake alinunua daftari.

Sasa nimseme Mzee Khatib. Khatib Makame Faki, mtu wa Konde, Pemba, umri miaka hamsini na mitano, mweupe wa ndevu, mkali wa ulimi, na fundi wa kazi yake. Miaka ishirini na mbili anatuma mizigo Dar na hakuna kontena lake lililowahi kukwama forodhani. Siri yake haikuwa siri: kitu hakiandikwi jina lake. Simu ni vifaa vya plastiki. Manukato ni sabuni ya maji. Nywele za bandia ni uzi. Wenye mali wanajua, wapokeaji wanajua, na mimi niliyekuwa nikimsaidia kuandika orodha kwa kuwa Kiingereza chake cha maandishi kilikuwa kinayumba, nilijua. Kontena moja lina mali za watu thelathini. Boksi moja likizua maswali, kontena linafunguliwa lote, na watu thelathini wanasubiri. Ndivyo alivyonifundisha, na niliona ana haki.

Bibi Rimma alimhoji mwaka 2013, kabla sijafika. Hadithi hii nimesimuliwa na wote wawili na haikupishana. Alipofika kwenye swali la tatu, Mzee Khatib alisema, "Mie nimemwacha mke na watoto wanne, lakini mie mwenyewe niliachwa. Baba alikwenda Urusi kusoma, mie nina miezi mitano. Hakurudi."

Akauliza jina la baba. Alipolisikia, kalamu ikasimama. Akafunga daftari, akapanda ghorofa zake sita, na kesho yake akarudi na daftari kuukuu la jalada la kijani, namba kumi na saba. Makame Faki wa Konde. Alimhoji mwaka 1983 kwenye bweni la kiwanda cha matrekta, siku mbili mfululizo, kurasa arobaini. Makame alifariki mwaka 1991 na kuzikwa mji ule ule. Bibi Rimma alikuwapo mazikoni.

Hebu fikiria. Umri wa miaka arobaini na mitano hujawahi kusikia neno la baba yako, na mtu anakuja ofisini kwako na kurasa arobaini.

"Nikusomee?" akamuuliza.

"Wiki ijayo, Bibi," Mzee Khatib akasema. "Leo nina kontena."

Wiki ijayo ile ilidumu miaka kumi. Kila Ramadhani alisema baada ya Idi. Kila Idi alisema wateja wakipungua. Mimi nilipofika mwaka 2019 nikamwona mjinga, na siku moja nikamwambia wazi. Hakunifokea kama nilivyotarajia.

"Mwanangu," akasema, "mamangu alikaa na kanga moja kwenye sanduku, kanga aliyopewa siku ya kuagwa. Wamekuja wanaume watatu kumposa, wote kawakataa, anasema mie nna mume. Kafa 2004. Sasa Bibi anisomee, kisha babangu kaulizwa ulimwacha nani, na kajibu sikumwacha mtu? Nimpeleke wapi mamangu?"

Nilimpimia maboksi siku hiyo mpaka jioni bila kuombwa.

Bibi Rimma alinifundisha herufi zake, nikawa nasoma polepole, kwa kidole. Hakuruhusu nipige picha madaftari. Kitabu kwanza, alisema, picha baadaye. Alikuwa bado anaamini kitabu kitatoka, akiwa na miaka themanini na macho yanayohitaji kioo cha kukuzia. Mara moja tu aliniruhusu ukurasa mmoja, niuonyeshe kwenye semina chuoni kama mfano wa mwandiko. Nilichagua ukurasa msafi, nikaupiga kwa simu, nikaonyesha, watu tisa wakatikisa vichwa, tukaenda kunywa chai. Huko kwao hakuna anayemkumbuka. Nimetafuta: jina lake linatokea kwenye orodha moja ya vitabu, na hapo wamekosea mwaka.

Alifariki Februari iliyopita, mapafu. Tulikuwa naye hospitalini mimi na Mzee Khatib. Maneno yake ya mwisho ya kueleweka yalihusu maboksi. Yaende kwenye maktaba ya chuo kule Dar, iliyokuwa imeshakubali kwa barua kuyapokea. "Ni maneno ya watu wa kule," alisema. "Mimi niliyahifadhi tu." Mzee Khatib alimshika mkono akasema, "N'takupelekea mwenyewe, Bibi. Kitu chako hakipotei kwangu."

Mtoto wa marehemu Mzee Liang alitupa siku kumi kuondoa vitu, maana nyumba ilikuwa yake. Hakuwa mtu mbaya, alituletea hata gundi ya kufungia. Maboksi kumi na moja. Daftari mia moja na nne, barua, mswada wenye alama nyekundu. Tuliyashusha ghorofa sita kwa mikono, na Mzee Khatib hakumruhusu mpagazi hata mmoja ayaguse. Aliyafunga kwa nailoni mara tatu, mara nne, akayavalisha magunia, akayashona.

Kabla ya kufunga boksi la pili nilimwambia, "Mzee, tulitoe la kumi na saba. Nakaa hapa hapa nakusomea, saa mbili tu."

Akalishika lile jalada la kijani. Akaliweka tena ndani.

"Zikae pamoja kama alivyoziacha. Mie n'takwenda Dar mwezi wa sita, n'takaa na dada yangu tusikilize sote wawili. Ni babake na yeye."

Nikajua ni wiki ijayo nyingine. Ningeweza kumbishia. Nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma, na nilikuwa na sura ya pili ya tasnifu ya kuwasilisha Jumatatu. Nikaacha.

Tukafika kwenye orodha. Nikaandika namba za maboksi, uzito, alama. Kwenye safu ya aina ya mali nikasimama.

"Niandike nyaraka za historia?"

"Uandike nini?" Mzee Khatib alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Nyaraka, kwa mwandiko wa mkono, za Mrusi, mtu hawezi kuzisoma. Watakuuliza za nani, zinasema nini, kibali kiko wapi. Kontena lina mali za watu. Andika kitu ambacho hakuna anayekitaka."

Tukafikiria pamoja. Naapa tulifikiria pamoja, kama watu wanaochagua jina la mtoto. Halafu mimi, mwanafunzi wa Bibi Rimma, nikasema, "Karatasi chakavu."

"Hapo!" akasema. "Hapo umesema. Hiyo haigusi mtu."

Nikaandika. Scrap paper, kumi na moja. Na kweli hakuna aliyegusa. Kontena liliondoka, likavuka, likafika Dar, likatoka bandarini bila swali hata moja, safi kama mizigo yake yote. Wakala wa kule akaiweka mali stoo, wenyewe wakawa wanakuja kuchukua. Afisa wa maktaba alikuwa ameahidi Jumanne. Jumanne akawa na kikao, akasema atakuja Jumatatu.

Ijumaa tukiwa ofisini, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu ya Mzee Khatib. Aliuweka kwa sauti kubwa kwa kuwa alikuwa na mkanda wa kupimia mkononi. Alikuwa mtunza stoo, kijana mchangamfu, anaitwa Joshua.

"Bosi shikamoo. Mzigo wote umetoka bosi, stoo nyeupe. Yale makaratasi chakavu yalikuwa yananibana, nimewapa jamaa wa trei za mayai, wale wanaokujaga Ijumaa kuchukua maboksi. Wamefurahi sana, wamesema karatasi nzuri hiyo, inalainika haraka. Usijali bosi, sijakuacha, nimewaambia watuletee trei kadhaa za bure."

Mkanda ulijikunja wenyewe kwa kishindo. Mzee Khatib alipiga simu, akapiga vibaya mara mbili. Nikamnyang'anya nikapiga mimi. Joshua akatuunganisha na kiwanda. Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole, akatuomba tusubiri, akaenda kuangalia. Tulisikia mashine. Akarudi akasema boksi zote zimeshaingia kwenye tangi la kulowekea tangu asubuhi, na kwa sasa ni uji. Akauliza kama kulikuwa na kitu muhimu.

Simlaumu Joshua. Alisoma kilichoandikwa. Mtu pekee katika safari nzima ile aliyeamini karatasi ilivyosema ni yeye, na sisi tulikuwa tumejenga kazi yetu yote juu ya kudhani kwamba hakuna anayeamini.

Kwa siku nne Mzee Khatib hakufungua ofisi. Siku ya tano alinipigia nije. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda cha Bibi Rimma, magoti yamefika kifuani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ule ukurasa uliopiga picha. Ulikuwa wa daftari gani?"

Nilikuwa nimeombea asikumbuke. Tangu ile Ijumaa nilikuwa nimeutazama ule ukurasa mara zisizo na idadi.

"La kumi na saba," nikasema.

"Soma."

Nikatoa simu. Nikasoma kwa kidole, kama alivyonifundisha. Jina langu Makame Faki. Mtu wa Konde. Nilifika mwezi wa kumi, baridi imeanza, kiatu nilichovaa kilikuwa cha kuazima. Nilibeba shati mbili, msahafu, na chupa ya asali niliyopewa na mkwe wangu, ikavunjika kwenye ndege, msahafu ukashikana kurasa. Mpaka leo una harufu ya asali. Mzee Khatib alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza, anayarudia maneno kimyakimya. Yaliandikwa kwa matamshi ya Kipemba, na mimi wa Moshi nilikuwa nayatamka vibaya, naye alikuwa ananisahihisha bila kujijua.

Nikafika mstari wa mwisho. "Na ulimwacha nani nyumbani?"

Nikashusha simu.

"Endelea," akasema.

"Ukurasa umeisha, Mzee. Jibu liko nyuma yake, na sikuugeuza."

Nje wapagazi walikuwa wanavuta mkokoteni, mtu anabisha bei kwa Kichina kibovu. Nilisikia anapumua kwa mdomo.

"Wewe msomi," hatimaye akasema. "Umekaa na Bibi miaka minne, unajua watu wale walivyokuwa wanajibu. Niambie alijibu nini. Hata kidogo. Hata kama si yenyewe. Sema tu, nami n'tampigia dada nimwambie."

Nilikuwa nalo jibu, tena tayari. Nimemwacha mke na watoto wawili, mdogo ananyonya. Maneno machache. Yangempa usingizi mtu huyu maisha yake yote yaliyobaki, na mama yake kule kaburini Konde angepata mume. Nilifungua mdomo. Nikamwona Bibi Rimma akichora mstari wake pembeni ya ukurasa.

"Siwezi, Mzee," nikasema. "Sijui alisema nini."

Alinitazama bila hasira. Bora angekasirika.

"Uongo wa forodhani uliuweza," akasema. "Wangu mie ndio umekushinda."

Akainuka, akachukua futi yake, akaanza kupima maboksi ya viatu yaliyokuwa yanasubiri. Siku hizi orodha zake anaandikiwa na Augustin.